Dume na Jike Katika Banda Moja

Katika miaka yangu yote ya ubwana mifugo, swali nililoulizwa mara nyingi kuliko mengine, ukiacha lile la bei ya dawa, ni hili: je, dume na jike wakae pamoja au watengwe? Kwetu sisi jibu lake halina mzunguko mkubwa. Jogoo mmoja huachwa na mitetea kumi, na mwenye kuku hulala usingizi wake. Beberu huchungwa pamoja na majike, ila anayetaka kuboresha kizazi humfunga yule asiyefaa. Sungura hutengwa, kila mmoja na chumba chake, na siku ya kupandwa jike ndiye hupelekwa kwa dume. Ukimpelekea dume nyumbani kwake, jike humng'ata na kumfukuza. Mambo haya mfugaji huyajua hata kabla ya kufika kwa bwana mifugo. Lakini yuko mnyama mmoja ambaye jibu lake ni refu, na nilipolipata lilinifuata mpaka ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mnyama huyo ni fereti. Ndugu msomaji, usione haya kama hujapata kumsikia, maana hapa kwetu hayupo. Ukimwona kwa mara ya kwanza utasema ni nguchiro aliyepauka. Ana mwili mrefu kama soksi, miguu mifupi, macho madogo, na manyoya ya rangi ya maziwa au ya kahawia yenye kitambaa cheusi usoni kama jambazi wa sinema. Lakini si ndugu wa nguchiro. Ukoo wake ni ule wa kicheche na nyegere wetu, na harufu anayoweza kuitoa akikasirika inathibitisha undugu huo bila shahidi mwingine. Alifugwa kutokana na kicheche wa porini wa Ulaya, na kazi yake ni ya zamani sana. Strabo, Mgiriki aliyeandika takriban miaka 2000 iliyopita, anawaeleza wanyama wa namna hii wakifungwa midomo na kuingizwa katika mashimo ya sungura huko Hispania, ambako sungura walikuwa balaa la mashamba.

Mimi nilimkuta kaskazini mwa Uingereza, katika jimbo la Durham, nilikokwenda mwaka 1995 kusomea afya ya mifugo kwa muda wa mwaka mmoja. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja na mkewe. Mzee alikuwa amechimba makaa ya mawe tangu ujanani. Migodi ya huko ilikuwa imekwisha; ule wa Easington, uliokuwa ukienda chini ya bahari, ulifungwa mwaka 1993, na wanaume wa vijiji vile walibaki na pensheni, kikohozi, njiwa wa mashindano na fereti. Nyuma ya nyumba ya mzee palikuwa na mabanda matatu ya mbao na waya, yameinuliwa juu ya miguu kama kichanja cha mahindi, kila moja na sanduku la kulalia lililojazwa nyasi kavu. Ndani yake walikaa madume wawili na majike watatu.

Jumamosi mzee alinichukua kwenda kuwinda. Tulitandaza nyavu ndogo juu ya kila tundu la shimo la sungura, kisha akamwingiza jike ndani. Jike ndiye mwenye kazi hiyo, kwa kuwa ni mdogo. Uzito wake aghalabu haufiki kilo 1, wakati dume huweza kufika kilo 2. Sungura akisikia harufu yake hutoka mbio na kujitia katika wavu. Mara nyingine jike humuua sungura huko huko chini, akala na kulala juu yake, asitoke. Hapo ndipo dume mkubwa hufungwa kamba ndefu shingoni na kuteremshwa. Humfuata jike, humfukuza pale alipo, naye hukaa juu ya kile kitoweo. Na mwenye jembe huifuata ile kamba mpaka akafika. Mzee alikuwa hana meno mengi, lakini siku ile alicheka mpaka nikayahesabu yote. "Huyu," aliniambia akimpapasa dume wake, "ndiye fundi wa kuwatafuta waliopotea."

Nilimuuliza, kwa mazoea ya kazi yangu, mbona hawaweki pamoja. Akaniambia nisubiri majira ya kuchipua, ndipo nitaelewa.

Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta hatuujui mwanga kama wanavyoujua wao. Tanga, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote ni kama nusu saa tu. Hakuna kuku anayeihisi. Durham, mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na mwezi Juni mtu husoma gazeti nje karibu na saa nne usiku. Fereti huuhesabu mwanga huo. Mchana unapoanza kurefuka, mwili wake hupokea amri. Dume hutangulia: kabla baridi haijaisha korodani zake huvimba, manyoya ya tumboni hugeuka manjano kwa mafuta, na harufu yake huingia hata jikoni. Kuanzia hapo, mafahali wawili hawakai zizi moja. Waliokuwa wakilala wamekumbatiana mwezi Novemba, mwezi Februari huraruana shingo.

Jike hufuata mnamo Machi au Aprili. Sehemu zake za uzazi huvimba waziwazi, na hiyo ndiyo dalili ya kuwa yuko kwenye joto. Ukimtia dume kwake wakati huo, utadhani umeshuhudia mauaji. Dume humkamata kwa meno nyuma ya shingo, akamburura huku na huku, na jike hupiga kelele. Jambo hilo huweza kuchukua saa nzima, hata saa 3. Jike hutoka na shingo iliyolowa na pengine yenye vidonda. Mgeni angekimbilia kuwaachanisha. Mfugaji huacha, kwa sababu anajua kwamba huko kuburuta ndiko kunakoufanya mwili wa jike uachilie mayai. Baada ya siku 42 hivi huzaa watoto wanane au zaidi, vipofu na viziwi, kila mmoja mdogo kama kidole. Na akianza mapema huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe, msomaji: majike watatu wa mzee, mara mbili kwa mwaka, watoto wanane kila mmoja. Ni wanyama 48, kila mmoja akitaka nyama kila siku, kwa pensheni ya mchimba makaa.

Basi, utasema, si watengwe? Nami ndivyo ningesema. Hapo ndipo mnyama huyu anapotofautiana na mbuzi na ng'ombe wetu. Ng'ombe asipopandwa, joto humwisha kwa siku moja, akarudia baada ya wiki tatu. Fereti jike asipopandwa, joto haliishi. Hubaki nalo Aprili, Mei, Juni, mpaka mchana uanze kufupika vya kutosha mnamo Septemba. Muda wote huo mwili wake hufurika homoni iitwayo estrojeni, na kwa fereti homoni hiyo ikizidi huushambulia uboho, yaani kile kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa. Kiwanda hufungwa. Kwanza manyoya hunyonyoka mkiani na kiunoni. Kisha fizi hupauka, miguu ya nyuma hulegea, na vidoa vya damu huonekana chini ya ngozi. Mwishowe hufa, amezungukwa na chakula na maji na nyasi safi, katika banda ambalo hakuna aliyemgusa wala kumwonea.

Kwa hiyo wakiwekwa pamoja ovyo, nyumba hujaa watoto wasio na wa kuwalisha. Wakitengwa ovyo, jike hufa. Watu wa vijiji vile walikuwa na njia yao tangu zamani. Mmoja wao huwa na dume aliyekatwa mirija ya mbegu lakini hakuhasiwa. Ana hamu yote ya kiume, ila hana uzao. Humpanda jike, mwili wa jike hudanganyika kwamba una mimba, joto hukatika, na kwa muda wa siku 42 hivi yuko salama; kisha joto hurudi naye hupelekewa tena. Dume wa namna hiyo hutembezwa ndani ya sanduku kutoka nyumba hadi nyumba, kama seremala mwenye msumeno wa pekee kijijini. Mzee wangu hakuwa na wake mwenyewe. Alimtegemea wa jirani.

Mwaka 1996 mambo matatu yaliangukiana. Jirani mwenye dume yule alihamia kusini kwa mwanawe. Mimi nilikwenda Uskochi kuanzia Mei kwa mafunzo ya vitendo ya wiki kumi. Na mwanzoni mwa Juni mzee alilazwa hospitali kwa kifua. Vumbi la makaa huvumilia, husubiri mtu astaafu. Mabanda yalibaki mikononi mwa bibi, ambaye siku zote aliwalisha wanyama wale kwa kijiko kirefu kwa kuogopa meno yao. Alimpigia simu mtu mmoja aliyekuwa akiuza fereti mjini kumuuliza afanye nini. Mtu yule akamwambia neno moja tu: asiwaache madume wawafikie majike. Bibi akalishika neno lile kama amana. Alifunga kila mlango kwa waya mara mbili.

Niliporudi mwishoni mwa Julai, jike mweupe hakunikimbilia mlangoni kama kawaida yake. Nilimwinua. Alikuwa mwepesi kama mfuko mtupu, na nilipomfunua mdomo fizi zake zilikuwa nyeupe kuliko manyoya yake. Bibi alisimama nyuma yangu akikunja kitambaa cha vyombo. Tuliwachukua majike wote watatu kwa teksi hadi kwa daktari wa wanyama. Wawili walichomwa sindano ya kukata joto na wakapona. Yule mweupe, alisema daktari, damu yake imekwisha kiasi kwamba sindano peke yake haitamfikisha kesho. Kisha akauliza kama nyumbani kuna dume mkubwa mwenye afya.

Hilo nalo lilinishangaza, nami nilidhani nimesoma. Fereti hawana makundi ya damu kama yetu. Damu ya yeyote yaweza kumfaa yeyote. Nikarudi kumchukua yule dume mkubwa, fundi wa kutafuta waliopotea, aliyekuwa ametengwa na jike yule kwa ubao mmoja na waya kwa miezi minne. Akalazwa kwa dawa ya usingizi, akatolewa damu kwa sindano, mililita chache tu, haijai kikombe cha kahawa yetu. Ikapitishwa polepole kwa jike. Ndani ya saa moja pua yake ilipata rangi ya waridi. Bibi aliiona, akalia.

Aliishi siku tisa. Siku ya tano alikula yai. Siku ya nane vile vidoa vya damu vilirudi tumboni, na asubuhi ya siku ya kumi nilimkuta amejikunja katika sanduku lake kama aliyelala. Bibi alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na kusema, bila kumwambia mtu, "Nilidhani namlinda."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimtengenezea chai. Katika desturi yetu mfiwa huketishwa na watu wakaja kumsalimu. Pale hakuna angekuja kwa ajili ya mnyama, basi nikakaa naye mimi hadi jua lilipoondoka ukutani.

Mzee alitoka hospitali katikati ya Agosti. Alisikiliza habari yote hadi mwisho, akamshika mkewe bega, akasema kwamba kosa si lake, bali ni la ushauri wa neno moja kwa jambo la maneno mengi. Kisha akatoa akiba yake. Dume mdogo alihasiwa, ugomvi wake ukaisha. Yule mkubwa alikatwa mirija, ili jukumu la majike lisitegemee tena jirani, naye akakaa peke yake wiki kadhaa mpaka mbegu zilizobaki mwilini ziishe. Mwezi Septemba tulivunja ukuta kati ya mabanda mawili na kuanza kuwazoesha.

Hawakutiwa tu ndani na mlango kufungwa. Kwanza tulibadilishana nyasi zao za kulalia, kila mmoja alale katika harufu ya mwenzake. Kisha tukawakutanisha bustanini, mahali ambapo hapakuwa pa yeyote, dakika chache kila siku. Dume aliwakamata majike shingoni na kuwaburura. Mzee akasema huko ni kusalimiana, na kwamba mtu aingilie kati akiona damu, au akisikia kelele isiyokoma, au mmoja akijinyea kwa hofu. Ndani ya banda aliweka vyombo vinne vya chakula badala ya kimoja, kwa sababu fereti hula mara nyingi kwa siku na mdogo asinyimwe na mkubwa. Na masanduku matatu ya kulalia, ili anayetaka kuwa peke yake apate pa kwenda. Siku niliyokuwa nikifunga mizigo yangu kurudi nyumbani, nilichungulia: wote wanne walikuwa katika sanduku moja, wamejisokota kama ukili, huwezi kujua mguu huu ni wa nani.

Elimu haijasimama tangu hapo. Baadaye ilifahamika kwamba fereti wengi waliohasiwa hupata ugonjwa wa tezi iliyo juu ya figo. Ubongo huendelea kutuma amri za uzazi, na kwa kuwa viungo vilivyopaswa kuzipokea vimeondolewa, tezi hiyo huitikia kwa niaba yao. Siku hizi madaktari wengi huweka chini ya ngozi kipande kidogo cha dawa iitwayo deslorelini, mfano wa punje ya mchele, ambacho hunyamazisha amri zenyewe kwa zaidi ya mwaka mmoja, kwa dume na kwa jike. Wakiwa wamenyamazishwa hivyo, huweza kukaa pamoja mwaka mzima kwa amani. Nimeyaandika haya ili anayeishi ughaibuni na kumfuga mnyama huyu asiridhike na habari za mwaka 1996.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Mimi nilihamishiwa Sumbawanga mwaka 1991. Mke wangu na watoto watatu walibaki Muheza. Ofisi iliyonihamisha haikuwa na nyumba ya kunipa, wala fedha ya kubeba familia, na barua zangu za kuomba uhamisho zilijibiwa kwa maneno yale yale kila mwaka: maombi yako yanashughulikiwa. Kutoka kwangu hadi kwao ilikuwa safari ya siku tatu, barabara ikiruhusu. Wazee wa pande zote mbili walisema ni heri. Watoto wasibadilishiwe shule. Mama asitolewe penye shamba na ndugu. Rukwa kuna baridi. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na kila mmoja alikuwa akimlinda mtu.

Simfananishi mke wangu na mnyama, hasha. Lakini baada ya siku ile ya ngazi ya mlango wa nyuma, nilizitoa barua zake kutoka sandukuni nikazipanga kwa tarehe. Barua za mwaka 1992 zilikuwa kurasa nne, zenye habari za mahindi, za mama mkwe, za mtoto aliyeota jino, na utani. Za mwaka 1994 zilikuwa kurasa mbili. Ya mwisho iliyonifikia Durham ilikuwa nusu ukurasa: watoto wazima, ada imelipwa, paa linavuja. Hapakuwa na lawama hata moja ndani yake. Hapakuwa na kitu. Na nilikuwa nimekwisha kusikia kwa shemeji yangu kwamba kaka zake wamekaa kikao mara moja kuzungumza kama si bora dada yao arudi kwao.

Waswahili wana msemo kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Niliporudi, sikungoja barua nyingine ya ofisi. Mnamo Januari 1997 nilipanga vyumba viwili Sumbawanga, nikauza baiskeli na redio, nikaenda Muheza kuwachukua. Jioni ya kwanza nilimsimulia mke wangu habari ya fereti, kwa urefu, pamoja na homoni na uboho. Alisikiliza huku akipepeta mchele. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo Baba watoto, serikali imekupeleka Ulaya mwaka mzima kusomea kwamba mke na mume wakae pamoja?" Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akinitania kwa muda wa miaka mitatu.

Msomaji asidhani kwamba tulifika Sumbawanga na mambo yakawa sukari. Vyombo vikiwa pamoja havina budi kugongana, na vyetu vilikuwa vimesahau nafasi zao kabatini. Yeye alikuwa amezoea kuamua kila kitu peke yake kwa miaka sita. Mimi nilikuwa nimezoea kula nikitaka na kulala nikitaka. Tuligombana kwa chumvi, kwa saa ya kuzima taa, kwa kiti. Mtoto wetu wa mwisho, aliyezaliwa mwezi niliohamishwa, alimuuliza mama yake kwa sauti ambayo alidhani ni ya kunong'ona, "Huyu mgeni ataondoka lini?" Mara mbili mke wangu alifungasha kanga zake. Mara ya pili nilimwambia asubiri hadi asubuhi, kisha nikaenda kulala kwenye chumba cha watoto. Asubuhi alikuwa bado yupo, amechemsha chai ya watu watano.

Tangu siku ile tulikubaliana mambo madogo. Kila mmoja awe na mahali pake ambapo hapaingiliwi. Kwake ni jiko na kitabu cha hesabu, kwangu ni kibaraza baada ya kazi. Ugomvi usiokuwa na jeraha tuuache uishe wenyewe, wala tusiite wazee. Lakini mmoja wetu akinyamaza siku tatu mfululizo, hiyo si amani. Mwenzake lazima amuulize. Sheria hiyo ya tatu aliitunga yeye, na nadhani ndiyo iliyotufikisha hapa, sasa nikiwa mzee mwenye wajukuu.

Watu wengi wametengana kwa sababu njema. Wako walio Muscat na Dubai wakijenga nyumba za Tanga na Pemba ambazo hawajalala ndani yake; wako wauguzi wa kwetu walio Uingereza, na waume zao wako Arusha; wako walimu wa mikoa miwili tofauti. Siwaambii warudi, maana kila mtu na ada zake za shule. Wala siwaambii walio pamoja kwamba kule kuwa pamoja kunatosha, kwa kuwa nimeona mabanda yenye wanyama wanne na mmoja wao ananyimwa chakula bila mwenye banda kujua. Ninachosema ni kidogo zaidi. Waya uliofungwa vizuri humzuia adui asiingie, lakini haukuambii aliye ndani anaendeleaje. Hilo hujulikana kwa kufungua mlango, kumwinua mwenyewe, na kumtazama fizi zake; na afanyaye hivyo mwezi wa Mei hana haja ya kutafuta damu mwezi wa Julai.